Somo kwa Vikundi vya Masomo: Mtungi na Msanii



Vyama vyetu vya kazi za mikono huandika vitabuni idadi ya vyungu vilivyopokelewa, vilivyovunjika na vilivyouzwa. Ni haki kufanya hivyo, kwani pasipo hesabu hapana ushirika. Lakini iko mali nyingine isiyoingizwa katika leja yoyote, nayo ni ujuzi wa mfinyanzi mwenyewe. Somo hili laeleza jinsi ujuzi huo uwezavyo kumlisha msanii, na mfano wetu ni Bibi Magdalene Odundo.

Bibi Odundo alizaliwa Nairobi mwaka 1950. Mwaka 1971 alikwenda Uingereza kusomea sanaa ya michoro, na huko ndiko alikoanza kuushika udongo. Lakini hakuishia vyuoni. Kati ya mwaka 1974 na 1975 alisafiri mpaka Nigeria, kwenye kituo cha ufinyanzi cha Abuja (mji ule leo huitwa Suleja), akawa mwanafunzi wa wanawake wa Kigwari wafinyangao bila gurudumu.

Aliyejulikana zaidi kati yao ni Ladi Kwali, aliyeijua kazi hii kijijini tangu utoto. Fundi wa Kigwari hulipiga ngumi donge la udongo hata lipate tumbo, kisha huongeza kamba za udongo juu yake, moja baada ya moja, akikwangua kwa kipande cha kibuyu. Chungu hakizunguki, azungukaye ni fundi, hatua kwa hatua, mpaka mdomo ukamilike.

Sasa tuzingatie msanii alichukua nini. Hakuchukua mapambo. Mitungi ya Ladi Kwali ilichorwa mijusi, nge na samaki. Ya Odundo haina picha hizo. Alichukua mwendo wa mkono: kujenga polepole, kukwangua, kusugua hadi uso ung'ae wenyewe pasipo glezi, ule mpako wa kioo wa vyombo vya madukani. Chombo kikichomwa penye hewa ya kutosha hutoka chekundu. Kikichomwa tena mahali palipozibwa hewa, pamoja na vitu vya kufukiza moshi, hugeuka cheusi. Sisi wasemaji wa Kiswahili husema mtungi una mdomo, shingo na tumbo, wala hatufikiri zaidi. Vyombo vya Odundo humkumbusha mtazamaji maneno hayo, kwa kuwa husimama kama watu, shingo imeinama, tumbo limejaa.

Ladi Kwali alifariki mwaka 1984, na picha yake imewekwa katika noti ya naira 20. Odundo alitunukiwa nishani kubwa ya Uingereza mwaka 2020. Heshima hizo mbili zina asili katika udongo wa kijijini.

Wasanii hufika katika vyama vyetu pia. Mara nyingi hupiga picha, hununua chungu kimoja, huondoka. Kwa maoni yangu hayo ni mapato haba kwa pande zote mbili. Afadhali mgeni akae majuma kadhaa, akande udongo na kuchoma pamoja na mafundi, na chama kitoze ada ya mafunzo itakayoandikwa kwa jina la fundi anayefundisha, siyo kumezwa na mapato ya jumla. Tena, fundi aletapo chungu cha umbo jipya, mpokeaji asikikatae kwa kuwa hakilingani na sampuli ya mnunuzi. Akikikataa mara mbili, mara ya tatu fundi hatajaribu, na msanii ajaye atakuta ghala la vyungu vilivyofanana.

Kwa majadiliano ya kikundi: Katika chama chenu, ni nani ajuaye mahali pa kuchimba udongo mzuri, na huuchanganya na nini? Amekwisha kumfundisha nani? Akimfundisha mgeni, alipwe kutoka fungu gani?