Maji ni Milki ya Nani?

Katika darsa yetu ya Kibokoni ndugu mmoja aliuliza: hamali atuuziaye maji kwa mkokoteni, je, pesa zake ni halali? Jawabu: ni halali. Maji aliyokwisha kuyateka mtu kwa chombo chake huwa ni yake, na jasho lake lina ujira. Lakini maji yaliyo katika chemchemi na mito, Mtume (s.a.w.) ameyahisabu pamoja na majani na moto kuwa ni vitu washirikianavyo watu. Na Sayyidna Uthman alikinunua kisima cha Ruma, Madina, akakifanya wakfu.

Sasa tazameni. Maji ya Mombasa hutoka mbali: Mzima, Marere na Baricho. Atakaye kukabidhiwa mifereji ya mji mzima kwa faida yake, huyo si hamali wetu. Hamali akizidisha bei twamwita mwengine.

Dar es Salaam waliyaona hayo. Mwaka 2003 maji yalikabidhiwa kampuni ya City Water. Mwaka 2005 serikali ikauvunja mkataba. Wenye hisa wa kigeni wakashtaki ng'ambo. Jumuiya za raia, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu miongoni mwao, zikaomba kusikizwa, zikaruhusiwa kuandika hoja zao. Na mwaka 2008 washtaki hawakupewa fidia.

Kwetu, kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 chasema maji safi ya kutosha ni haki ya kila mtu. Basi wazee wa mtaa, na akina mama khasa, wadai kusomewa mkataba wowote wa maji kabla haujatiwa saini.