Zawadi Haitaokoa Gemu Mbovu: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Maneno haya ni kwa wanaotengeneza gemu za kurushiana risasi mtandaoni, na kwa wanaojiandaa kuzitengeneza. Makosa ni yaleyale kila mara. Gemu inatoka, wachezaji wanaanza kupungua, na timu badala ya kurekebisha mchezo inaongeza ngazi, medali, masanduku na majukumu ya kila siku. Wachezaji wanasota wiki chache, wanachoka, kisha wanaondoka na hasira. Madhara haya yanaepukika. Zawadi ina kazi moja inayoiweza vizuri: kumwonyesha mchezaji kwamba kapiga hatua ya kweli. Ukiipa kazi nyingine, itakuharibia gemu.

MCHEZO WENYEWE

Fanya: Jenga mechi inayopendeza bila zawadi yoyote.
Zima pointi, vyeo na skini zote. Waite watu wacheze. Wakimaliza mechi na kuomba nyingine, una gemu. Wakiuliza watapata nini, huna. Counter-Strike ilianza mwaka 1999 kama marekebisho ya Half-Life, ikauzwa na Valve mwaka 2000, na kwa zaidi ya miaka kumi mchezaji hakuwa na silaha ya kufungua wala ngazi ya kupanda. Kila mtu alianza na bastola na fedha sawa. Watu walirudi kwa sababu leo walipiga shabaha zaidi kuliko jana, na waliijua ramani vizuri kuliko juzi. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Usifanye: Usimwahidi mtu malipo kwa jambo analolipenda tayari.
Mwaka 1973 wanasaikolojia Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha utafiti kuhusu watoto wa shule ya awali huko Stanford, Marekani, waliopenda kuchora kwa kalamu za rangi. Watoto walioahidiwa cheti mapema kisha wakakipata, siku zilizofuata walichora kwa muda mfupi zaidi, takriban nusu ya wenzao. Waliopewa cheti bila kutarajia hawakupoteza hamu. Ahadi iligeuza mchezo kuwa kazi ya ujira. Ukitangaza zawadi kabla ya kila mechi, unafanya hivyohivyo kwa watu wazima. Waache wacheze, kisha tambua walichofanya.

KINACHOTUZWA

Fanya: Tuza tendo linaloisaidia timu kushinda.
Kulinda eneo, kumfunika mwenzako anapokimbia, kumfikishia risasi aliyeishiwa: hayo yalipe. Mchezaji mgeni hajui gemu yako inataka nini. Pointi zinazotokea kwenye skrini ndizo mwalimu wake wa kwanza. Zikitokea pale anapoua tu, atajifunza kuua tu, na lengo la mechi litabaki halina mtu wa kulishughulikia.

Usifanye: Usituze kitu kwa sababu ni rahisi kukihesabu.
Mwaka 2008 Team Fortress 2 ilianza kufungua silaha mpya kwa wanaotimiza mafanikio yaliyoorodheshwa. Mara zikaibuka seva ambamo watu walisimama wauawe kwa zamu, ili kila mmoja akamilishe orodha yake. Hakuna aliyekuwa anacheza. Mwaka uliofuata silaha zikaanza kudondoka kulingana na muda wa kuwa mtandaoni. Watu wakatumia programu zilizokaa kwenye seva bila mchezaji yeyote, usiku kucha. Valve ikalazimika kuwanyang'anya waliotumia ujanja huo vitu walivyopata.

Mwaka 2014 katika Destiny, wachezaji waligundua pango ambalo maadui walitokea bila kukoma. Wakasimama mbali na kulifyatulia risasi saa nzima, kwa sababu pale ndipo zawadi zilipodondoka haraka. Bungie, waliotengeneza ulimwengu mzima wa kutembelea, wakaona watu wamejipanga mbele ya shimo moja.

Usimlaumu mchezaji hapa. Wewe ndiye uliyepanga bei, naye kafuata bei. Ukimlipa daktari wa kikosi kwa kila aliyemwinua, atawainua watu katikati ya risasi, wafe tena, awainue tena. Lipa pale aliyeinuliwa anapofika salama.

SILAHA NA USAWA

Fanya: Mpe mgeni bunduki inayoweza kushinda siku ya kwanza.
Silaha inayofunguliwa baadaye iwe tofauti, isiwe bora. Moja ipige mbali lakini polepole. Nyingine iwe ya karibu na ya haraka. Call of Duty 4: Modern Warfare ya mwaka 2007 iliweka ngazi 55 na kufanya kila mechi isogeze kitu mbele, lakini bunduki za mwanzo ziliendelea kuua vizuri hadi mwisho. Ndiyo sababu mtindo wake uliigwa na karibu kila mtu. Waigaji wengi walichukua ngazi, wakaacha usawa.

Usifanye: Usimwongezee mkongwe nguvu, na usiiuze nguvu hiyo.
Mkongwe tayari ana jicho, mkono na ramani kichwani. Ukimpa na bunduki bora, mgeni atachinjwa mechi tatu mfululizo na kufuta gemu. Wageni wakiisha, mkongwe naye hana wa kucheza naye.

Star Wars Battlefront II ya mwaka 2017 ni somo kamili. Darth Vader na Luke Skywalker walifungiwa nyuma ya bei ya krediti 60,000 kila mmoja, na wachezaji walikadiria saa 40 za kusota kumpata mmoja. Kadi za kuongeza nguvu zilitoka kwenye masanduku ya bahati yaliyoweza kununuliwa kwa fedha. EA, kampuni iliyoitoa gemu hiyo, ikajibu kwamba nia ilikuwa kumpa mchezaji fahari ya kufanikiwa. Jibu hilo likapingwa na mamia ya maelfu ya watu. Bei ikashushwa kwa asilimia 75, na siku moja kabla ya uzinduzi rasmi ununuzi wa fedha ukazimwa kabisa. Machi 2018 mfumo mzima ukajengwa upya. Saa 40 hazikuwa na fahari yoyote ndani yake. Fahari hutoka kwenye jambo gumu ulilojifunza kuliweza. Kusubiri hakumfundishi mtu kitu.

UKWELI WA NAMBA

Fanya: Onyesha hesabu yote.
Pointi ngapi, kwa nini, zimebaki ngapi. Kama kuna bahati ndani yake, andika uwezekano wa kila kitu pale pale penye kitufe cha kununua. China ililazimisha uwezekano huo utangazwe kuanzia Mei 1, 2017. Usingoje serikali ikulazimishe uaminifu.

Usifanye: Usidanganye. Watapima.
Novemba 2017 wachezaji wa Destiny 2 walishika saa na karatasi, wakagundua kwamba pointi za uzoefu zilizoandikwa kwenye skrini si zile walizoingiziwa. Aliyerudia kazi fupi mara nyingi alipunjwa kimyakimya. Bungie ikakiri na kuuzima mfumo huo. Lakini wakati huohuo kiwango cha kupanda ngazi kikaongezwa kutoka pointi 80,000 hadi 160,000, na hilo nalo wachezaji wakalibaini wenyewe. Hasira ya pili ikazidi ya kwanza. Mchezaji anaweza kukubali njia ndefu. Hatakubali jiwe la maili linalosogezwa usiku.

Na usimpandishe mtu cheo kwa kumpa boti, yaani wachezaji wa kompyuta, awaue huku akiamini ni watu. Siku atakayojua, kila ushindi aliowahi kupata kwako utakuwa batili machoni pake. Boti za mazoezi zitambulishe kuwa ni boti.

CHEO CHA USTADI

Fanya: Tenga muda na ustadi.
Weka namba moja ya kusema umecheza kiasi gani, nyingine ya kusema unacheza vizuri kiasi gani. Halo 3 ya mwaka 2007 ilifanya hivyo: namba ya ustadi kuanzia 1 hadi 50, kando ya pointi za uzoefu. Mtu wa saa nyingi apate heshima ya saa zake. Mtu wa shabaha apate wapinzani wa kiwango chake. Ukichanganya, mvumilivu asiyejua kulenga atapangwa na mabingwa, naye atapigwa hadi achukie gemu.

Usifanye: Usifanye kushuka cheo kuwe msiba.
Cheo kikiwa kitu pekee chenye thamani, watu watakilinda kwa hila. Katika Halo 2, iliyotoka mwaka 2004, walikuwepo walioivuruga intaneti kwa makusudi ili wapinzani wakwame wakati wao wanafyatua. Wengine hununua akaunti zenye cheo cha juu, au huacha kabisa kucheza wakifika kileleni kwa kuogopa kushuka. Mchezaji anayeogopa kucheza gemu yako ni ushahidi kwamba umekosea. Mpe nafasi ya kupoteza mechi mbili bila kuvuliwa kila kitu.

MUDA WA MCHEZAJI

Fanya: Mruhusu aondoke, na arudi bila hasara.
Weka majukumu ya wiki badala ya ya siku. Pasi ya msimu aliyoinunua ibaki yake hata msimu ukiisha. Halo Infinite mwaka 2021 iliacha pasi zake wazi bila tarehe ya mwisho, na Helldivers 2 ikafuata njia hiyohiyo mwaka 2024. Anayejua mlango hautafungwa hurudi kwa hiari. Anayerudi kwa hiari huleta na rafiki.

Usifanye: Usimwadhibu aliyekosa siku.
Zawadi ya kuingia siku saba mfululizo, inayorudi sifuri ukikosa moja, ni mtego. Fikiria nani unayemnasa. Kijana wa Temeke au Kisumu anayenunua bando la siku. Mtaa uliokatiwa umeme. Mwanafunzi wa kidato cha nne aliye kwenye mitihani. Hawa wote utawaambia wamepoteza kazi ya siku sita kwa kosa lisilo lao. Atakayejitahidi asikose atachoma bando ili abonyeze kitufe kimoja na kutoka. Hajacheza. Kalipa deni ulilomtwika wewe, na deni halimfanyi mtu akupende.

Na usihesabu kuingia kwake kama mapenzi. Takwimu zako zitasema watu wapo. Uliza wamepiga mechi ngapi.

HESHIMA KATI YA WACHEZAJI

Fanya: Waache wachezaji watuzane.
Mcheza kwao hutunzwa. Sifa ya mtu mliyekuwa naye vitani inazidi medali ishirini za mashine, kwa kuwa yeye aliona. Juni 2018 Overwatch iliwawezesha wachezaji kuwapongeza wenzao baada ya mechi, hata mpinzani aliyecheza kiungwana. Mtu wa msaada, ambaye jina lake halikai juu kwenye orodha ya walioua, hapo ndipo anapoonekana.

Usifanye: Usigeuze pongezi kuwa sarafu.
Pongezi ikianza kununua skini, kesho utaona watu wanaziomba kwa mafungu na kubadilishana: nipongeze nikupongeze. Itakuwa imekufa. Kuna vitu vinavyofanya kazi kwa sababu tu havilipi.

FEDHA NA WATOTO

Fanya: Andika bei kwa fedha halisi, uliza mara mbili, rudisha fedha ikidaiwa kwa haki.
Shilingi ziandikwe shilingi. Vito na sarafu za kubuni vinamficha mnunuzi asijue katumia kiasi gani, na mtoto ndiye wa kwanza kupotea. Desemba 2022 Epic Games, wenye Fortnite, walikubaliana na Tume ya Biashara ya Marekani kulipa dola milioni 520. Kati ya hizo, dola milioni 245 zilikuwa za kuwarudishia watu fedha, kwa sababu mpangilio wa vitufe uliwafanya wanunue bila kukusudia. Dola milioni 275 zilihusu faragha ya watoto.

Usifanye: Usimuuzie mtoto bahati nasibu.
Sanduku ambalo hujui kilichomo mpaka ulipe ni kamari, hata ukilipamba kwa nyota. Aprili 2018 Tume ya Michezo ya Kubahatisha ya Ubelgiji ilitamka kwamba masanduku ya Overwatch, Counter-Strike: Global Offensive na FIFA 18 yanavunja sheria ya kamari. Skini za Counter-Strike, zilizoanza mwaka 2013 kama rangi za bunduki, ziligeuka dau kwenye tovuti za kubeti, na Julai 2016 Valve ikaanza kuziandikia tovuti hizo zikome. Huku kwetu watoto wengi huchezea simu ya mzazi, na simu hiyohiyo ndiyo yenye hela ya unga na nauli. Wewe unajua hilo. Usijifanye hujui.

KABLA YA KUACHIA TOLEO

Fanya: Chukua kila zawadi uliyoweka na useme kwa sentensi moja mchezaji amejifunza nini au amemsaidia nani hadi kuipata.

Usifanye: Usibakize hata moja iliyokosa sentensi hiyo kwa sababu gemu nyingine inayo. Ifute. Muda uliookoa upeleke kwenye bunduki inayosikika vibaya, ramani yenye kona moja ya kujificha, na seva inayokwama. Hayo ndiyo yaliyokuwa yanawafukuza watu tangu mwanzo.