Maswali na Majibu: Bei ya Madini, Kodi na Ajira Migodini

1. Toa maana ya: (a) mrabaha (b) kodi ya mapato ya kampuni. (alama 2)

(a) Mrabaha ni malipo kwa serikali yanayokokotolewa kwenye thamani ya madini, mgodi uwe umepata faida au hasara.
(b) Kodi ya mapato ya kampuni ni kodi inayotozwa kwenye faida. Pasipo faida, haitozwi. Nchini Tanzania kiwango chake ni asilimia 30.

Mtahiniwa anayeandika "zote ni kodi za migodi" hapati alama. Msingi wa kutoza ndio unaopimwa: thamani au faida.

2. Kwa kutumia hesabu, onesha jinsi mrabaha unavyoweza kuathiri ajira bei inaposhuka. (alama 6)

Chukua mgodi ambao gharama ya kuzalisha wakia moja ya dhahabu ni dola 1,090. Bei ni dola 1,150.

Mrabaha wa asilimia 4 ni dola 46. Faida inayobaki: 1,150 – 1,090 – 46 = dola 14.
Mrabaha wa asilimia 6 ni dola 69. Matokeo: 1,150 – 1,090 – 69 = hasara ya dola 9.

Sasa ondoa mrabaha, weka kodi ya mapato peke yake. Faida ni dola 60, kodi ni dola 18, zinabaki dola 42. Kodi ya mapato hupunguza faida lakini haiigeuzi kuwa hasara. Mrabaha unaweza kuigeuza, hasa bei ikiwa chini. Mbale yenye dhahabu kidogo huachwa ardhini, na waliopangwa kuichimba hukosa kazi.

Hesabu ina alama 4, na maelezo ya ajira alama 2. Kila mwaka wengi huishia kwenye hesabu. Swali limeuliza ajira; andika ajira.

3. Bei inaposhuka, ni ajira zipi hupunguzwa kwanza? (alama 3)

Kwa kawaida huanza ajira za utafutaji wa madini, zikifuatiwa na za wakandarasi, kisha za wafanyakazi wa kudumu. Wauzaji wa chakula na wapangishaji nyumba jirani na mgodi huumia pia. Hizo ni ajira zisizo za moja kwa moja.

4. "Ajira zilizopotea katika mgodi wa Bulyanhulu mwaka 2017 zilitokana na kushuka kwa bei ya dhahabu." Jadili. (alama 5)

Kauli si sahihi. Anguko kubwa la bei lilitokea mwaka 2013, si 2017. Machi 2017 serikali ilizuia usafirishaji wa makinikia (mbale iliyosagwa na kuchujwa, isiyoyeyushwa bado) nje ya nchi. Bulyanhulu na Buzwagi zilitegemea kuuza makinikia, zikakosa mapato hayo. North Mara haikuyazalisha, kwa hiyo zuio halikuigusa kwa namna hiyo. Mwaka huohuo mrabaha wa dhahabu ulipanda kutoka asilimia 4 hadi 6, ikaongezwa ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Hizo ni gharama zaidi, lakini chanzo kikuu cha Bulyanhulu kupunguza shughuli ni zuio. Zuio si kodi. Tenganisha.

5. Linganisha athari za kodi na za bei kwenye migodi ya shaba ya Zambia, 2014–2015. (alama 6)

Kodi: mrabaha wa migodi ya wazi ulipangwa kuwa asilimia 20 kuanzia Januari 2015. Desemba 2014 kampuni ya Barrick ilitangaza kusimamisha shughuli za Lumwana, mgodi wa wazi. Mwaka 2015 kiwango kilishushwa hadi asilimia 9, na Lumwana ikaendelea kufanya kazi.

Bei: baadaye mwaka huohuo shaba ilishuka hadi chini ya dola 5,000 kwa tani. Kampuni ya migodi ya Mopani ikapunguza maelfu ya wafanyakazi, ilhali mrabaha ulikuwa umeshapunguzwa. Uhaba wa umeme uliongeza ugumu.

Tarehe ndizo zinazothibitisha chanzo. Jibu lisilo na tarehe halivuki alama 3.

6. Taja kodi mbili walizoondolewa wachimbaji wadogo Tanzania mwaka 2019. (alama 2)

Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5. Mrabaha haukuondolewa; ukiutaja, unapoteza alama.