Kwa Nini Ng'ombe Huzuia Maziwa

Mkulima, huenda umepata kuketi kukamua, kiwele kimejaa, nawe ukapata kikombe kimoja tu. Ukasema ng'ombe huyu mkaidi. Lakini ng'ombe hazuii maziwa kwa kupenda; jambo hili limo katika damu yake.

Mwilini mwa ng'ombe, kama mwilini mwa mtu, mna tezi zinazotoa homoni. Homoni huingia katika damu na kuchukuliwa mpaka kiungo kinachohusika, kama tarishi apelekavyo barua.

Chini ya ubongo iko tezi moja ndogo sana. Ng'ombe akisikia mlio wa ndoo, au akioshwa chuchu kwa maji ya vuguvugu, tezi hiyo hutoa homoni iitwayo oksitosini. Kwa muda wa kama dakika moja hufika kiweleni, ikakaza misuli midogo inayozunguka vifuko vya maziwa, na maziwa yakashuka. Bila homoni hiyo utapata yale machache yaliyokwisha kushuka. Mengi hubaki juu. Nguvu yake haikai. Baada ya dakika 5 hadi 8 imekwisha. Basi ukiosha kiwele kisha ukaenda kutafuta mafuta ya kukamulia, au ukasimama kuzungumza na jirani, umejipunguzia fedha za maziwa mwenyewe.

Karibu na mafigo ziko tezi nyingine mbili. Hizo hutoa adrenalini ng'ombe akiogopa. Akipigwa, au akibwekewa na mbwa, adrenalini hupunguza damu iendayo kiweleni na kuizuia oksitosini isifanye kazi. Mwaka 1941 huko Marekani, wataalamu Ely na Petersen walipasua mifuko ya karatasi karibu na ng'ombe ili kumshtua, na maziwa yakapungua. Fimbo yako hufanya kazi ile ile. Ng'ombe akishtuka, mwache atulie kama nusu saa, kisha umwoshe chuchu upya.

Maziwa ya mwisho ndiyo yenye mafuta mengi. Tena kiwele kisichomalizwa kila siku hupunguza kutengeneza maziwa, na hasara hiyo huendelea.

Kwa hiyo weka ndoo, maji na mafuta tayari kabla ya kumgusa ng'ombe. Saa ziwe zile zile, na mkamuaji awe yule yule. Ng'ombe wa gredi huzoea kushusha bila ndama. Wa kienyeji mara nyingi hawezi. Mpe ndama anyonye kidogo kwanza, ndipo ukamue.