SOMO LA KUANDIKA: KAZI TATU NA DAFTARI MOJA



Hapa Mlimba mkulima hana siku tupu. Mvua zikianza, tunalima. Tukimaliza kulima, tunapanda mpunga. Baada ya kupanda kuna palizi. Mpunga ukianza kutoa punje, ndege nao wamefika. Basi mtu anahamia shambani, anakaa kwenye dungu kuamia ndege toka alfajiri hadi magharibi. Halafu ni mavuno.

Sasa tuseme yuko mama mmoja, mhitimu wa kisomo cha watu wazima. Mbali na shamba, mama huyu ana kazi tatu za ubunifu. Anasuka mikeka ya kuuza. Anatunga nyimbo za kikundi chake cha ngoma. Tena ana daftari. Katika daftari hilo anataka kuandika habari za baba mkwe wake, ambaye ujanani alikuwa kibarua wa kujenga reli ya TAZARA.

Mkeka umefika nusu. Wimbo una beti mbili tu. Daftari lina ukurasa mmoja. Mama anasema, "Baba, ngoja nivune kwanza, ndipo tukae tuandike."

Mzee anajibu, "Haya, mwanangu. Mpunga utavunwa kila mwaka. Mimi je?"

Jibu hilo ni zito. Reli ya TAZARA ilijengwa kuanzia mwaka 1970 hadi 1975. Ina urefu wa kilometa 1,860, toka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Sehemu ngumu kuliko zote ni hii yetu, toka Mlimba kupanda milima hadi Makambako. Ilibidi kutoboa milima na kujenga madaraja mengi. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1972, leo amepita miaka 70. Wazee hawa wakiondoka, nani atatueleza walikula nini kambini, na walizungumzaje na mafundi wa Kichina?

WENZETU WALIFANYAJE?

Shaaban Robert wa Tanga hakuwa mtu wa kukaa bure. Tangu mwaka 1926 alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, kwanza katika idara ya forodha. Alitunga akiwa mwajiriwa, na kazi zake zilikuwa nyingi: mashairi, hadithi, insha na habari za maisha yake. Utenzi wake wa Vita vya Uhuru una beti 3,000.

Tufanye hesabu. Mtu akitunga beti 2 kila siku, beti 3,000 zitamchukua siku 1,500. Hiyo ni zaidi ya miaka 4. Beti mbili ni kidogo, lakini kidogo cha kila siku hufika mbali. Haba na haba hujaza kibaba.

Mwalimu Julius Nyerere naye alikuwa na kazi ya kuongoza nchi. Hata hivyo, mwaka 1963 ilitoka tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare uitwao Julius Caesar. Mwaka 1969 aliitoa tena baada ya kuisahihisha, na mwaka huo huo ukatoka mchezo wa pili, Mabepari wa Venisi. Kwa hiyo kuna mambo mawili ya kujifunza. Kazi nyingi hazimzuii mtu kuandika. Tena, si lazima andiko liwe zuri siku ya kwanza. Utalirudia.

TUFANYEJE SISI?

1. Andika kama unavyosuka. Mkeka haumaliziki kwa siku moja. Unasuka ukili, unaukunja, unauweka. Kesho unaendelea pale ulipoishia. Daftari ni hivyo hivyo. Kila siku andika mistari 5 tu. Kwa siku 30 utapata mistari 150. Kama ukurasa una mistari 25, hizo ni kurasa 6. Kwa miezi 10 utakuwa na kurasa 60. Hicho ni kitabu kidogo!

2. Ipe kila kazi wakati wake. Wimbo hutungwa mikono ikiwa kazini, kwenye palizi au kisimani. Ukili husukwa huku mkiongea. Lakini kuandika kunataka mwanga na macho. Basi, tenga robo saa kabla jua halijazama. Hata kwenye dungu, mchana ndege wanapopungua, daftari linaweza kufunguliwa.

3. Anza na kisichoweza kungoja. Mkeka ukiuweka pakavu utakungoja. Wimbo utaukumbuka, au wenzako watakukumbusha. Maneno ya mzee hayangoji. Yaandike kwanza, hata kama ni mawili matatu.

4. Unapoacha, acha alama. Mwishoni andika neno moja la kukumbusha: "Kesho: daraja." Ukirudi hutapoteza muda kutafuta ulipofika.

5. Linda daftari. Bonde letu la Kilombero lina mafuriko. Lifunge kwenye mfuko wa plastiki, ulitundike juu.

Ndugu zangu, kuna jambo jingine. Tulihangaika sana kujua kusoma na kuandika. Ujuzi huu usipotumiwa, hupotea kama njia isiyopitwa ikaota nyasi. Mistari 5 ya leo inalinda habari za mzee, na inalinda kisomo chako pia.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini mzee alisema, "Mimi je?"
2. Katika kazi zako, ipi inaweza kungoja? Ipi haiwezi?
3. Wewe una nafasi saa ngapi kwa siku yako?

ZOEZI

Leo jioni mwendee mzee mmoja. Muulize swali moja tu. Andika jibu lake kwa mistari 5, kisha msomee asikie. Akisema, "Hapo umekosea," sahihisha. Kesho mwendee tena.