Tiba za Asili na Maradhi ya Moyo

Tumeulizwa suala na baadhi ya ndugu zetu wa mjini, nalo lataka jibu la uwazi. Wasema: jamaa zetu waliokwenda kukaa Kitale na Bungoma kwa biashara na kazi, kila warudipo pwani hutuletea mizizi na magamba ya miti ya Mlima Elgon, wakatwambia kuwa ni dawa ya presha. Na hapa nyumbani tuna habasoda, kitunguu saumu na hijama. Je, mwenye presha aweza kutosheka na hivi, akaacha vidonge vya hospitali?

Jibu letu kwa mukhtasari ni hili. Tiba ya asili ya moyo ipo, ni ya kweli, na ina nguvu. Lakini kubwa yake haimo katika kifurushi wala katika chupa. Imo katika chakula, katika kupunguza chumvi, katika mwendo wa miguu, na katika kuacha tumbaku. Na hiyo nayo, kwa mtu aliyekwisha kuandikiwa vidonge, ni msaada wa vidonge hivyo, si badali yake. Sasa tufafanue.

MARADHI YENYEWE

Moyo ni kama bomba lisukumalo damu katika mishipa usiku na mchana. Ile nguvu ya damu juu ya kuta za mishipa ndiyo iitwayo presha. Huandikwa kwa tarakimu mbili: ya juu ni ya wakati moyo unapobana, na ya chini ni ya wakati unapopumzika. Mtu akipimwa mara kadhaa, kwa siku mbali mbali, akaonekana yu 140 kwa 90 au zaidi, huhisabiwa kuwa ana presha ya juu. Ikidumu miaka bila ya tiba, huuchosha moyo, huharibu mafigo na macho, na huweza kuupasua au kuuziba mshipa wa ubongo. Hicho ndicho kiharusi.

Hatari ya maradhi haya ni kuwa hayana kelele. Mwenye homa hujijua. Mwenye presha hulala, huamka, huenda sokoni, wala haoni kitu. Siku aangukapo, watu husema kapigwa na upepo au karogwa, wakaanza kumtafuta adui mtaani, na hali adui alikuwa ndani ya mishipa miaka mingi. Mwenyezi Mungu ameyajaalia mambo yawe na sababu zake, na kuitafuta sababu si upungufu wa imani.

YALIYOONEKANA MAGHARIBI YA KENYA

Kwa kuwa dawa tuulizwazo zatoka magharibi ya Kenya, yafaa tuangalie habari za presha za huko huko. Mwaka 1929 daktari mmoja Mwingereza, C. P. Donnison, aliandika katika jarida la Lancet habari za kazi yake Kisii, kusini ya Bungoma. Aliwapima presha watu 1,000 wenye afya, akaona kuwa presha zao hazipandi uzeeni kama zilivyokuwa zikipanda kwao Ulaya. Akasema pia kuwa katika wagonjwa kiasi cha 1,800 waliolazwa kwa muda wa kama miaka miwili, hakumkuta hata mmoja mwenye presha ya juu.

Mwaka 1990 watafiti wengine walitangaza habari za Wajaluo waliotoka vijijini magharibi ya Kenya wakahamia Nairobi. Waliwalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani, wakaona kuwa presha za waliohama zimepanda upesi baada ya kuhama. Mkojo wao ulionyesha kuwa sodiamu, yaani ile iliyomo katika chumvi, imezidi kulinganishwa na potasiamu, ile iliyomo katika mboga na matunda. Na miili yao ilikuwa mizito zaidi. Mtu ni yule yule na kabila ni lile lile. Kilichobadilika ni maisha.

Kisha mwaka 2015 Serikali ya Kenya ilifanya uchunguzi nchi nzima. Takriban watu wazima 24 katika kila 100 walionekana wana presha ya juu, na 56 katika kila 100 walisema hawajapata kupimwa hata mara moja katika umri wao.

Hata tukisema kwamba vipimo vya mwaka 1929 havikuwa kamili, tofauti hii ni kubwa mno. Basi na tuzingatie. Wazee wale wa zamani walikuwa na waganga na miti yao, hatukatai. Lakini miti hiyo ingaliko Elgon mpaka leo, na presha imeenea pamoja na kuwapo kwake. Kilichoondoka si mti. Kilichoondoka ni chakula chao, kazi yao ya mikono, na safari zao za miguu. Mwenye kuitaka tiba yao ya asili, na aanzie hapo.

DAWA ILIYO JIKONI

Mama wa Bungoma hupika mnavu, mgagani uitwao saga, mrenda na majani ya kunde. Mnavu, mchicha na kunde vyapatikana katika masoko yetu ya pwani pia, lakini wengi wetu twavidharau, twaviita chakula cha maskini, tukapendelea nyama, viazi vya kukaanga na maandazi. Mwaka 1997 yalitolewa Marekani matokeo ya jaribio lililowachukua watu 459. Waliokuwa na presha ya juu, wakalishwa mboga na matunda kwa wingi, maziwa yaliyotolewa mafuta, na mafuta machache, presha yao ya juu ilishuka kwa kiasi cha tarakimu 11 katika wiki 8 tu. Mshuko huo wakaribia ule uletwao na kidonge kimoja.

Ama chumvi, Shirika la Afya Duniani lashauri isizidi gramu 5 kwa siku, nazo ni kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyokwisha kutiwa katika mkate, ng'onda na viungo vya pakiti. Wala tusisahau magadi. Wapishi wa pwani na wa bara huyatia katika maharagwe na mboga ili ziive upesi, wakidhani kuwa kwa kuwa si chumvi hayana madhara. Magadi ni sodiamu, na sodiamu ndiyo ipandishayo presha. Aliyepunguza chumvi akazidisha magadi amefunga mlango akaacha dirisha wazi.

Tatu ni mwendo: dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa haraka, yaani nusu saa kwa siku 5. Mwenye kwenda msikitini kwa miguu badala ya kupanda bodaboda ameanza dawa yake. Nne ni tumbaku, ikiwa ya kuvutwa, ya ugoro au ya kutiwa katika tambuu. Hakuna jani wala mzizi utakaomfaa mtu ambaye kila siku anaipiga mishipa yake kwa tumbaku.

MITI NA SUMU

Wako wasemao kuwa hospitali haiamini miti. Si kweli. Mwaka 1785 tabibu wa Uingereza, William Withering, aliandika kitabu juu ya jani moja la kwao lililokuwa likitumiwa na waganga kwa watu waliovimba mwili, na dawa itokayo katika jamii ya jani hilo hupewa baadhi ya wagonjwa wa moyo mpaka leo.

Na huku kwetu, John Kirk, ambaye baadaye alikuwa balozi wa Uingereza Unguja, alipokuwa na Livingstone katika safari ya Zambezi iliyoanza mwaka 1858, mswaki wake wa meno uliguswa na sumu ya mishale aliyokuwa ameihifadhi. Alipoutumia, aliona mapigo ya moyo wake yamepungua. Mmea huo ulichunguzwa Edinburgh, ikatoka dawa ya moyo iliyotumika Ulaya miaka mingi. Kadhalika msunguti, ambao Wagiriama na Waliangulu waliupika kuwa sumu ya kuwindia ndovu: mwaka 1888 mkemia wa Ufaransa aitwaye Arnaud aliitoa katika jamii ya mti huo dawa iitwayo uabaini.

Tazama basi: mti ule ule uuao ndovu ndio utuliao moyo, na kinachotenga uhai na mauti ni kipimo chake. Kifurushi cha magamba kitokacho Kitale hakina kipimo. Mti mmoja huwa na nguvu nyingi msimu huu na chache msimu ujao, na gamba la mzee si sawa na la mchanga. Aliyekuuzia hajui umekunywa kiasi gani, wala wewe hujui. Na ile mizizi ya mukombero itafunwayo sana magharibi ya Kenya kwa kuchangamsha mwili, haijathibitishwa kwa majaribio ya watu wenye maradhi kuwa yatibu presha.

Wala tusidanganywe na neno asili. Miraa ni jani bichi la asili, nalo hupandisha presha na kuukimbiza moyo.

HABASODA, KITUNGUU SAUMU, KARKADEE NA HIJAMA

Habasoda imesifiwa katika hadithi, na hilo halina ubishi. Lakini Mtume (S.A.W.) ameamrisha pia watu watafute matibabu, na al-Khattabi, katika wanavyuoni wa zamani, alieleza kuwa sifa ile imekuja kwa tamko la jumla na iliyokusudiwa ni mahsusi. Majaribio ya siku hizi yaonyesha kuwa habasoda na kitunguu saumu huweza kuishusha presha kidogo. Karkadee, lile ua jekundu lichemshwalo kama chai na kuitwa choya Tanzania, lilijaribiwa Marekani kwa watu 65. Matokeo yalitolewa mwaka 2010. Waliokunywa vikombe 3 kwa siku kwa wiki 6, presha yao ya juu ilishuka kwa tarakimu 7, na wenzao walionyweshwa maji ya rangi yasiyo dawa ikashuka 1.

Hayo ni manufaa, tusiyakatae. Lakini mwenye presha ya 180 akishuka 7 amefika 173, na 173 ingali hatari. Ama hijama, haijathibitika kuwa humkinga mtu na kiharusi. Atakaye kuifanya na aifanye kwa wembe mpya na kwa mjuzi, wala asiiweke mahali pa vidonge.

Na ajihadhari mwenye kuchanganya. Kitunguu saumu kilichokolezwa huongeza kutoka damu kwa mtu anywaye dawa ya kuifanya nyepesi. Mwenye maradhi ya mafigo asizidishe mboga na matunda yenye potasiamu nyingi bila ya kumwuliza tabibu wake. Na kila anywaye dawa ya miti amwambie daktari bila ya kuona haya, kwani kumficha tabibu ni kumfunga macho kisha ukamtaka akuongoze njia.

MAFUNZO KUTOKA KITALE NA WEBUYE

Mradi uitwao AMPATH ulianzishwa Eldoret mwaka 2001 na Chuo Kikuu cha Moi, hospitali yake na vyuo vya Marekani, ukaeneza kazi yake magharibi ya Kenya, hata Kitale, na Webuye iliyo katika kaunti ya Bungoma. Mwaka 2021 watafiti wake walitangaza jaribio la watu 2,890 wenye presha au sukari katika vituo 24 vya magharibi ya Kenya. Waliwagawa makundi manne: waliotibiwa kama ilivyo desturi, waliotiwa katika vyama vya kuweka akiba na kukopeshana, waliokutana pamoja na kutibiwa kwa vikundi, na waliopata yote mawili. Baada ya mwaka presha ya juu ilishuka katika makundi yote: kwa kiasi cha tarakimu 11 katika kundi la kwanza, na zaidi ya 16 katika la mwisho. Watafiti wenyewe hawakudai kuwa tofauti hiyo imekata shauri, maana si kubwa sana. Lakini lililo wazi ni kuwa wote hao walikuwa wakipimwa, wakiandikiwa na wakifuatwa.

Hili ndilo lifaalo kuletwa kutoka bara kuliko magamba ya miti. Sisi tuna darasa zetu, vyama vyetu vya akina mama, na baraza zetu za jioni. Ni taabu gani kununua mashine moja ya kupimia presha ya shirika, tukapimana kila mwezi, tukaandika katika daftari, na kumpeleka zahanati yule aliyepanda?

MAMBO YA KUSHIKA

Kwanza, kila aliyetimiza miaka 18 apimwe. Pili, aliyeandikiwa vidonge asiviache kwa kuwa amejiona mzima, maana huo uzima ndio kazi ya vidonge. Tatu, atakaye kujaribu mboga, mwendo au karkadee na ayafanye pamoja na vidonge, ajipime. Ikiwa presha imeshuka sana, daktari ndiye atakayempunguzia. Nne, katika Ramadhani amwendee daktari kabla ya mwezi kuandama, wapange vidonge vya futari na vya daku. Tano, mtu akipindika uso, au mkono ukalegea, au maneno yakamgeuka ghafula, asipelekwe kwa mpunga pepo wala asinyweshwe chochote: apelekwe hospitali saa ile ile, kwani kila dakika ipitayo ni sehemu ya ubongo iendayo.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nao ufa wa presha hauonekani kwa jicho wala hausikiki kwa sikio. Waonekana kwa kipimo tu. Jamaa zetu wa Kitale na Bungoma wakiuliza watuletee nini safari ijayo, na watuletee mbegu za saga na mrenda tupande nyuma ya nyumba zetu, na watueleze jinsi vikundi vyao vinavyokutana. Wa billahi taufiq.