Mvua imekatika, njia je?

Moshi mjini jua linaweza kuwaka tangu asubuhi huku msitu ulio juu ya Machame na Umbwe ukinyeshewa mfululizo. Mvua nyingi ya Kilimanjaro huangukia upande wa kusini, na msitu hupata nyingi kuliko mji ulio chini yake na kuliko kilele. Kwa hiyo unayetaka kupanda siku moja au mbili baada ya mvua kubwa, usiridhike na anga iliyo juu ya kichwa chako. Ulizia mvua ya huko juu: ilinyesha wapi, saa ngapi, kwa muda gani.

Wa kuwauliza wapo. Askari wa hifadhi getini huzungumza na wenzake wa kambini, na waongozaji walioshuka jana wamepita njia yenyewe kwa miguu yao. Mimi nawaamini sana pia wakulima wanaotunza mifongo, ile mifereji ya Wachaga inayotoa maji mtoni na kuyapeleka migombani. Mto ukifurika, banio la mfongo ndilo linalobomolewa, na wao ndio wanaokwenda kulitengeneza. Ukikutana nao wamebeba majembe, simama, amkia wazee, kisha uliza mto umeamkaje.

Mto ndio unaostahili muda wako mwingi. Vijito vya milimani hujaa haraka na, mvua ikikatika, vingi hupungua haraka vilevile. Mvua ikiwa imepiga alasiri, kijito kilichokutisha jioni huenda kikavukika alfajiri, na kusubiri usiku mmoja ni gharama ndogo. Chomeka kijiti ukingoni, maji yanapoishia, ukakitazame tena baada ya nusu saa. Kikiwa kimezama, maji bado yanapanda. Angalia na rangi: maji yakigeuka ghafla kuwa ya udongo, yakianza kuleta majani mabichi na vijiti, jua wimbi kubwa liko njiani. Mgongano wa mawe ukisikika chini ya maji, usiingie. Na mto ukipungua ghafla wakati mvua inaendelea, panda ukingoni mara moja na uwe mbali. Huenda magogo na udongo vimeuziba huko juu, na kizuizi kikiachia, maji yote huja kwa mkupuo.

Ukishaamua kuvuka, tafuta mahali mto ulipotanuka, maana hapo maji huwa hayana kina wala nguvu nyingi. Kwanza tazama kilichoko chini ya hapo. Kama kuna poromoko au gogo lililolala mtoni, tafuta kwingine. Vaa viatu. Fungua mikanda ya begi kifuani na kiunoni ili uweze kulitupa ukianguka. Elekeza uso maji yanakotoka, chomeka fimbo mbele yako, sogea kimshazari hatua fupi fupi. Usijifunge kamba mwilini, kwa sababu ukianguka itakushikilia chini ya maji. Yakifika juu ya magoti na yanakusukuma, rudi.

Makorongo membamba ni jambo jingine kabisa. Huko Hell's Gate, Kenya, mafuriko ya ghafla yaliua watu ndani ya korongo mwaka 2012 na tena 2019. Kuta zikikubana pande zote huna pa kupandia. Msimu wa mvua, korongo la namna hiyo litazame kutoka juu.

Kisha kuna ardhi yenyewe. Tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Mteremko uliolowa hadi ndani unaweza kuachia hata baada ya mvua kukatika. Ukiona nyufa mpya zinazokata njia, miti iliyoanza kuinama, au maji yakibubujika mahali palipokuwa pakavu, usipumzike hapo na usiweke hema chini yake. Kipande cha njia kilichomegeka kivukeni mmoja mmoja, mkishikilia upande wa mlima. Ukingo wa nje mara nyingi umebaki ngozi ya juu tu, chini hakuna kitu.

Matope yenyewe yanasumbua kuliko yanavyotisha. Vaa gambuti au viatu vinavyofunika kifundo, pita katikati ya tope badala ya kutanua njia kwa kukanyaga mimea ya pembeni, na usikanyage mzizi uliolowa. Kushuka ndiko kunakoangusha watu, hasa katika msitu wa Mweka huko Kilimanjaro, ambao wengi huufikia magoti yamechoka kutoka kileleni. Ongeza muda wa siku hiyo. Kama tarehe za safari hazibadiliki nayo ni masika, fikiria kupandia Rongai upande wa kaskazini, kusikopata mvua nyingi kama kusini, au Marangu, ambako utalala kwenye vibanda vyenye paa.

Jambo moja naliona likisahauliwa mno: hema lililolowa huongeza uzito, na anayeubeba ni mgumu, yaani mpagazi. Kiwango cha mzigo wa kampuni ni kilo 20 kwa mpagazi, lakini mizani ya getini ilipima vitu vikiwa vikavu. Baada ya usiku wa mvua, mwombe kiongozi apime upya na kugawa upya mizigo kabla hamjaondoka kambini. Hakikisha pia wagumu wana nguo kavu za kulalia, zilizofungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Baridi humwingia haraka aliyelowa, na wao hulowa kwanza.

Ukitoka getini, eleza ulichokiona: mti ulioanguka uko baada ya kambi ipi, daraja lipi limelegea, kivuko kipi kilikuwa na maji ya kiasi gani na saa ngapi. Onyesha picha kama unazo. Kuna kundi litakaloingia kesho asubuhi.